Barua ya wazi kwa Baraza la Wawakilishi: bango la bia la Kiswahili halimwiti mtalii

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar,
Kupitia kwa Mheshimiwa Spika,
Chukwani, Unguja.

YAH: OMBI LA KUTUNGIWA SHERIA YA KUZUIA MATANGAZO YA VILEO

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa heshima na taadhima naomba dakika zenu chache.

Mimi ni fundi maandishi. Kwa miaka 26 kazi yangu ni kuandika kwenye kuta, vibao vya maduka, milango ya magari na ubavu wa vyombo vya bahari. Kama mmepita njia ya kusini, kutoka Kitogani kwenda Makunduchi, huenda mmeshasoma mkono wangu bila kujua. Duka la unga, "Hapa Tunachaji Simu", "Usitupe Taka", dua ya kuingilia juu ya mlango wa chuo cha Qur'ani. Na bia. Nalisema hili mapema ili asije mtu akalifukua baadaye akadhani amenikamata: ukuta wa kwanza wa bia katika kijiji changu niliuandika mimi, nikalipwa, nikala na wanangu.

Nilitaka jambo hili limalizike kimya. Nilianza kwa sheha, kwa mdomo, barazani kwake, kama ilivyo adabu. Sheha wetu ni mtu mwema, akaniambia hana sheria ya kushika. Nikaandika barua kwa ofisi moja ya juu yake, nikajibiwa kwamba ukuta ni mali ya mwenye nyumba. Nikaandika ofisi ya pili. Barua ikagongwa muhuri wa "imepokelewa", na mpaka leo naamini imepokelewa, maana nakala yenye muhuri ninayo. Ofisi ya tatu nilikwenda mwenyewe, kwa gari ya 309, jua la saa saba. Kijana mmoja mpole akanambia, "Mzee, haya ya matangazo si yetu. Yetu ni leseni." Nikamuuliza, basi ni ya nani? Akacheka kidogo. "Kwa kweli hata mimi ningependa kujua."

Ofisi hizo sizitaji. Sina ugomvi nazo, na kila moja ilisema kweli kwa kadiri ya karatasi iliyo mezani kwake. Ila nimechoka kubisha hodi penye mlango usio na mwenyewe. Ndiyo maana nakuandikieni nyinyi mnaotunga sheria, na naandika hadharani ili wenzangu wasome.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tangazo limeandikwa kwa Kiswahili.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na mkilishika hili mengine mtayaona wenyewe.

Kila nikilalamika hujibiwa neno moja: utalii. Bila ya bia, naambiwa, mgeni atakwenda Mombasa, atakwenda Mauritius. Sawa. Lakini siku niliyopewa kazi ya ule ukuta wa kwanza, nilimuuliza aliyenileta: niandike Kiingereza au Kitaliano? Maana njia ile wageni wanapita kutwa, na Wataliano ndio wengi. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la mtoto. "Mzungu anaijua bia tangu kwao. Andika Kiswahili."

Nikaandika Kiswahili. Kizuri, chenye vina. Sikuhoji. Fundi akishapewa rangi hahoji, na siku ile nilikuwa na deni la ada ya skuli.

Miaka mingi maneno yale yalilala, kisha yakaamka. Mtalii anaposhuka kwenye gari anapokewa na hoteli, anapewa kadi ya vinywaji, anachagua. Hahitaji ukuta wa nyumba ya mtu kumkumbusha kwamba ana kiu. Na hata angehitaji, hajui kusoma "Burudika na wenzako". Anayejua kusoma maneno hayo ni mtoto wa darasa la tatu anayejifunza kuunganisha silabi, na husoma kila kilicho mbele yake, kwa sauti, njia nzima. Ni mvulana wa miaka 16 aliyeacha skuli na hajui leo itaishaje. Ni baba aliyepewa kibarua cha ujenzi hotelini, ana noti mfukoni kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mtu akikutajieni utalii katika shauri hili, muulizeni swali moja tu: tangazo lako limeandikwa kwa lugha gani?

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Zamani mgema alisubiri asifiwe na wanywaji wake. Huyu wa sasa hujisifu mwenyewe, kwa rangi ya mafuta, kwa kodi ya ukuta anayomlipa jirani yangu kila mwaka. Na simlaumu jirani. Bati lake lilikuwa linavuja.

2. Mahali pa bango na ukubwa wa herufi.

Hapa nasema kwa ufundi wangu, na katika hili sitaki kusahihishwa na mtu aliyesoma chuo kikuu.

Bango halitundikwi popote. Huwekwa pale jicho linapokaa: kituo cha daladala, penye mfereji wa maji, mkabala na uwanja wa mpira, kona ambayo gari hupunguza mwendo. Katika kijiji pahala hapo ni pamoja na njia ya skuli na ya chuo. Nimepima kwa miguu yangu kutoka lango la skuli yetu hadi ukuta ule: hatua 140. Nimepima hadi mlango wa madrasa: hatua 95.

Kisha kuna onyo. Kila tangazo nililoandika lilikuwa na maneno ya chini, "Haiuzwi kwa walio na umri chini ya miaka 18", na pengine "Kunywa kistaarabu". Karatasi ya vipimo niliyopewa ilitaka jina la bia liwe na kimo cha futi mbili. Onyo, inchi moja na nusu. Jina likae usawa wa paji la uso wa mtu mzima. Onyo likae chini kabisa, shubiri moja kutoka ardhini. Masika yakiingia, majani huota na kulifunika. Nimepita wiki iliyopita. Jina linang'ara. Onyo, mbuzi walikuwa wamesimama mbele yake.

Najua Ireland wana sheria ya 2018 inayokataza tangazo la pombe ndani ya mita 200 za skuli na viwanja vya kuchezea watoto. Ni jambo jema kwao. Lakini naomba msinakili kipimo hicho. Katika kijiji chetu hakuna mita 200 ambazo mtoto hapiti. Watoto wetu hawapelekwi kwa gari na kurudishwa. Wanatembea, wanatumwa dukani, wanakwenda pwani kuwasaidia mama zao kuanika mwani, wanarudi chuoni magharibi. Ukisema mita 200, bango litahamishwa hadi mita 210, na fundi atakayeitwa kulihamisha ni mimi.

3. Jezi, fulana na gari la muziki.

Mwaka juzi gari lilikuja jioni, limefungwa spika mbili, likapiga muziki uwanjani. Wakagawa fulana, kofia na vifungulio vya chupa. Aliyejibu swali alipata fulana. Swali lilikuwa: taja jina la bia yetu. Watoto walikuwa mbele, kama kawaida ya watoto, na ndio waliojibu kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto wa dada yangu, miaka 11, alirudi na kofia. Mama yake akaikata kwa mkasi, akatia moto. Mtoto akalia siku mbili, si kwa sababu ya bia, ila kwa sababu ilikuwa kofia.

Kisha zikaja jezi. Timu ya mtaa ilikuwa inacheza peku, nusu wamevaa shati nusu kifua wazi. Wakaletewa jezi seti nzima, zimechapwa nembo kifuani. Ungekuwa wewe nahodha, ungezikataa?

Si jambo la kijijini tu, na wala halikuanza jana. Taifa Stars imewahi kuvaa udhamini wa bia ya Kilimanjaro. Kombe la Chalenji la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, lilikuwa na jina la bia ya Tusker, na nakumbuka Kampala mwaka 2012, Zanzibar Heroes walipochukua nafasi ya tatu kwa penalti mbele ya ndugu zetu wa Bara. Tuliruka mpaka usiku. Niliona fahari ile, na sikuona jina la kombe. Ndivyo tangazo linavyofanya kazi: hupanda kwenye furaha ambayo haikuitengeneza. Mimi mtu mzima sikuliona, basi msinambie kwamba mtoto anapambanua.

Na wanaosema mpira utakufa, waangalie Ufaransa. Sheria yao ya mwaka 1991 iliwazuia watengenezaji wa pombe kudhamini michezo. Kombe la Dunia la 1998 lilichezwa kwao, likajaa watu, bila ya mabango ya bia viwanjani. Kombe la raga la Ulaya lililoitwa kwa jina la bia ya Heineken, Wafaransa kwao walilazimika kuliita "H Cup". Mpira ulichezwa. Raga ilichezwa. Aliyekosa ni mwenye nembo.

4. Mwili wa binadamu.

Mimi si daktari, haya nimeyasoma na kuyauliza. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2024, linahesabu vifo milioni 2.6 vilivyosababishwa na pombe duniani mwaka 2019. Walioathirika zaidi kwa uwiano ni watu wa miaka 20 hadi 39, umri wa vijana tunaowabebesha matumaini yetu yote. Ukipima kwa idadi ya watu, Ulaya na Afrika ndizo zinazoongoza kwa vifo hivyo. Wataalamu wa saratani wa shirika hilo waliiweka pombe tangu 1988 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Leo inahusishwa na saratani ya mdomo, koo, ini, utumbo mpana, na ya matiti kwa wanawake. Hayo sijawahi kuombwa kuyaandika ukutani.

Lakini niruhusuni niache takwimu, nikuelezeni mkono mmoja.

Nilikuwa na mwanagenzi. Alikuja kwangu na miaka 15, akishika brashi kama aliyezaliwa nayo. Kazi ya maandishi ina mtihani mmoja, nao ni herufi O. Mstari ulionyooka unaweza kuusaidia kwa uzi na chaki. O huwezi kuisaidia. Unaanzia juu, unazunguka kushoto, unarudi juu, unazunguka kulia, na miisho miwili ikutane bila kuonekana. Mimi ilinichukua miaka mitatu. Yeye, miezi minane. Nilimpa ukuta wa pili wa bia auandike peke yake, kama zawadi. Naam, mimi niliyempa.

Alipofika miaka 19 O zake zikaanza kutofunga. Asubuhi mkono ulikuwa unatetemeka, mpaka saa nne ndipo unatulia, na nilijua kwa nini saa nne unatulia. Nilimsema, nilimfukuza, nilimrudisha. Leo anapaka rangi ya kwanza tu, nyeupe, kwa rola. Maandishi hagusi.

Sisemi ukuta ndio uliomnywesha. Kulikuwa na marafiki, kulikuwa na kifo cha baba yake, kulikuwa na pesa za msimu wa wageni. Nasema tu kwamba katika kijiji kizima hakukuwa na ukuta hata mmoja uliomwambia kinyume, na hiyo ni kazi yangu na yake tuliyoifanya kwa mikono yetu.

5. Nembo ya bia juu ya kisicho bia.

Hili ni fupi, lakini ndilo mlango wa nyuma. India walikataza matangazo ya pombe kwenye televisheni miaka ya 1990. Muda si muda makampuni yakatangaza maji na kanda za muziki zenye majina yale yale, rangi zile zile. Sisi tayari tunaiona bia ya "sifuri", isiyo na kilevi, chupa ile ile na nembo ile ile. Mkikataza bia mkasahau nembo, kesho nitaitwa kuandika ukuta wa "sifuri", na sifuri yenyewe nitaambiwa iwe ndogo.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengi nimeshapewa.

Litakuja la utalii tena. Wakilitaja, naomba mtaje nchi tatu. Ufaransa, nchi ya mvinyo yenyewe na inayopokea watalii wengi kuliko nchi yoyote duniani, hairuhusu tangazo la pombe kwenye televisheni. Sri Lanka, kisiwa kinachoishi kwa wageni kama sisi, walikataza matangazo ya pombe pamoja na ya tumbaku kwa sheria moja ya mwaka 2006. Maldivi, Waislamu kama sisi, pombe yao iko kwenye visiwa vya hoteli, na katika visiwa wanavyoishi wananchi haipo. Wageni wamejaa kote kuko. Wala mimi siombi hata nusu ya waliyofanya Maldivi. Hoteli ziendelee na kadi zao za vinywaji. Naomba ukuta.

Litakuja la mapato. Kodi ya kileo hulipwa na chupa inayouzwa, haitozwi kwa bango. Kama wanywaji ni wageni, bango likiondoka mgeni ataendelea kunywa na kodi itaendelea kulipwa. Na kama kodi itapungua kwa sababu bango limeondoka, basi maana yake bango lilikuwa linawapata wenyeji. Anayeleta hoja hii achague upande mmoja, asisimame kwenye yote mawili.

Wapo watakaosema hii ni hoja ya dini imevishwa koti la afya. Mimi ni Muislamu na sioni haya. Lakini Norway walikataza matangazo ya pombe mwaka 1975, na Lithuania tangu Januari 2018, na sidhani kuna aliyewahi kuwashuku kwamba wanafuata madrasa. Ningekuwa naleta hoja ya dini, ningeomba maduka yafungwe. Sijaomba.

Hoja ya Muungano ni nzito zaidi, nami sitaipita kwa mzaha. Mtaambiwa kwamba televisheni inarushwa kutoka Bara, simu na mitandao ni mambo ya Muungano, mechi za Ulaya zinakuja na mabango yake, kwa hiyo tukizuia hapa tunafukuza moshi. Ni kweli kwamba hatuwezi kuzuia kila kitu. Lakini afya si jambo la Muungano, na Zanzibar tuna Tume yetu ya Utangazaji. Ukuta hauji kwa setilaiti. Mwavuli wa pwani hauji kwa setilaiti, wala jezi, wala gari la muziki, wala redio iliyopewa leseni hapa hapa. Lithuania ilipoanza sheria yake, wasambazaji walibandika karatasi juu ya matangazo ya pombe kwenye majarida ya kutoka nje, ukurasa kwa ukurasa. Watu walicheka. Mimi nilipoisoma habari hiyo sikucheka, nilihesabu saa za kazi.

Na tusijifanye kwamba Zanzibar haijawahi kutangulia. Mifuko ya plastiki tuliikataza zaidi ya miaka kumi kabla ya Bara kuikataza Juni 2019. Wenzetu wa Bara nao walipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, ilisemwa haitekelezeki. Mwanzoni mwa 2024 vileo vilipoadimika kwenye hoteli zetu, tuliona jinsi jambo linavyoweza kushughulikiwa mbio mbio likionekana la dharura. Mbio zipo. Naomba zije na upande huu.

La mwisho ni la sisi mafundi. Ati tutakosa riziki. Ukuta mmoja wa bia hunilipa kama vibao sita vya maduka, sitaficha. Lakini nilipoanza kazi niliandika sigara pia. Ikafika siku kuta za sigara zikakoma, baada ya dunia kukubaliana mkataba wa tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Maduka yale yale bado yanauza sigara. Anayevuta anavuta. Mimi niliandika duka la simu mahali pale pale, na rangi ya sigara chini yake. Sina mkataba kama ule wa kukutajieni kwa pombe, kwa sababu dunia haijautengeneza. Kilichopo ni mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 na mwongozo wake wa 2018 wenye mambo matano, na moja katika matano hayo ni hili ninaloliomba: kukataza matangazo ya pombe au kuyabana kikamilifu. Shirika lenyewe linasema ni miongoni mwa hatua zenye gharama ndogo kwa serikali. Naliamini hilo bila ya kitabu. Kufuta ukuta hakuhitaji mkopo wa nje.

Sisemi kwamba hatuna sheria ya vileo. Tunayo, na tuna bodi yake. Ninachotafuta ni vifungu ambavyo sheha anaweza kuvisoma barazani kwake bila kumwita wakili. Naomba haya:

Kwanza, tangazo la kileo lisionekane nje ya mahali penye leseni ya kuuza kileo. Ukuta, bango, mwavuli, kibanda, tanga la ngalawa, mlango wa gari, kwa lugha yoyote. Ndani ya baa na hoteli, wafanye wanavyofanya. Mwezi wa Ramadhani baa za mitaani hufungwa, bango peke yake ndilo halifungi. Lifungwe mwaka mzima.

Pili, kampuni ya kileo isidhamini timu, ligi, bonanza wala tamasha linaloingiwa na watoto, na isigawe chochote bure. Hapa serikali isitoroke: timu zinahitaji jezi. Sehemu ndogo ya kodi ya vileo itengwe kwa michezo ya shehia, na jezi ziandikwe jina la shehia. Kuziandika, nipo.

Tatu, redio na televisheni zenye leseni ya Zanzibar zisitangaze vileo, na anayelipwa kusifia kileo kwenye simu akiwa hapa ahesabiwe kuwa ametangaza.

Nne, sheria itaje nembo, jina na rangi, sio kinywaji peke yake, ili ile "sifuri" isipite.

Tano, faini imwangukie mwenye nembo kabla ya mwenye ukuta, na iwe kubwa kuliko kodi ya ukuta wa miaka kumi. Mkimpiga faini jirani yangu wa bati linalovuja, mtakuwa mmewakosa wakubwa mkampata mnyonge.

Sita, sheria itaje kwa jina ofisi moja yenye jukumu. Moja tu. Yule kijana mpole anastahili kujua.

Napendekeza muda wa miezi sita wa kufuta, baada ya hapo hakuna udhuru. Nakuombeni pia kamati husika ije kijijini kabla ya kuandika, isikae mjini ikasikiliza wenye makampuni peke yao. Wao wana mawakili na wana slaidi. Sisi tuna ukuta, njooni mtembee zile hatua 140, ikiwezekana saa sita mchana skuli inapotoka.

Kuta za bia nilizoandika mimi ni 17, kutoka Kitogani hadi Makunduchi. Nimeziorodhesha. Nitazifuta mwenyewe, kwa rangi yangu, bila malipo. Nilishajaribu moja mwaka jana, nikasimamishwa kwa sababu mkataba wa ukuta ulikuwa bado hai na mimi sikuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Nyekundu ile ni ya mafuta, inarudi, itahitaji mikono mitatu ya nyeupe na siku mbili kila ukuta. Nimeshanunua debe mbili. Zipo ukumbini kwangu, zimefunikwa gunia, zinasubiri karatasi yenu.

Wenu mtiifu,

Fundi maandishi,
Mkoa wa Kusini Unguja.